Tulipewa Amri, Hatukupewa Maelezo

Septemba 2018, siku chache baada ya shule kufunguliwa, mwanafunzi mmoja katika darasa langu la biolojia hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, alisimama bila hata kunyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "redio inasema Ebola inamtoa mtu damu. Mama mdogo amefia Beni na hakutoka hata tone. Homa, kutapika, kuharisha, basi. Sasa wale waliomtia kwenye mfuko, walituzuia tusimwone kwa sababu gani?"

Nilimjibu kwa maneno ya bango lililobandikwa kwenye lango la shule: nawa mikono, usiguse maiti, piga simu namba hii. Akakaa. Darasa zima likanyamaza, ule ukimya wa watoto waliogundua kwamba mkubwa wao amewakwepa. Na jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimesoma kwa kirefu namna kirusi kile kinavyoingia ndani ya seli na kinavyoua, lakini haikunipitia akilini kwamba mtoto aliyefiwa ana haki ya kuelezwa mambo hayo. Swali lake lilikuwa la biolojia, mimi nikampa amri.

Tangu siku ile nimeamini jambo moja, na miaka iliyofuata haikunibadilisha: watu wa Beni, Butembo, Katwa na Kayna hawakuikataa elimu ya Ebola. Hawakupewa. Walipewa makatazo, wakapewa namba ya simu, wakapewa magari yaendayo kasi yenye watu waliofunikwa nyuso.

Serikali ilitangaza mlipuko tarehe 1 Agosti 2018, baada ya sampuli za wagonjwa wa Mangina kuonyesha Ebola. Ilikuwa juma moja tu tangu mlipuko mwingine, wa Équateur upande wa pili wa nchi, kutangazwa kuwa umekwisha. Ulikuwa mlipuko wa 10 nchini tangu ule wa kwanza wa Yambuku mwaka 1976. Tulipoambiwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, hesabu ilikuwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ni mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016 peke yake uliouzidi. Beni, Katwa, Mabalako na Butembo zilikuwa miongoni mwa zilizobeba mzigo mkubwa, lakini ugonjwa ulishuka na barabara ya Goma, ukapita Lubero, ukafika hata Kayna nilikozaliwa.

Basi nimjibu sasa yule mtoto, ingawa nimechelewa.

Kirusi cha Ebola ni uzi. Ukikikuza maelfu kwa maelfu ya mara unakiona kimejipinda kama kipande cha kamba kilichotupwa chini. Ndani yake kuna jeni 7. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000. Kitu chenye jeni 7 hakiwezi kula, hakiwezi kupumua, hakiwezi kuzaa peke yake. Nje ya seli kimelala tu, na sabuni au klorini hukivunja, kwa sababu ganda lake ni la mafuta. Ndiyo sababu ya ndoo zile zenye bomba zilizowekwa kila mlango wa duka na kanisa. Hakuna aliyetuambia kwamba tunapasua ganda la mafuta, tukanawa kama watu wanaotii kanuni ya polisi.

Kinaingiaje? Fikiria ghala la mfanyabiashara wa kahawa hapa mjini. Wabebaji wanaingiza magunia kutwa, na mlinzi hawazuii, kwa kuwa ghala lisilopokea mzigo limekufa. Seli nayo huishi kwa kumeza. Hufumba kipande cha ngozi yake, ikanywa tone la maji yaliyo jirani, na kama kirusi kimo katika tone hilo, kinaingia pamoja nalo kikiwa ndani ya kifuko. Hapo bado hakijafanya lolote. Ni gunia lililofungwa ambalo limefika stoo.

Kifuko kile kinazidi kuwa na asidi, vimeng'enya vinakuja, kama kawaida, kukatakata kilicholetwa ili seli ipate chakula. Juu ya kirusi zimesimama protini kama miiba, zimefunikwa na sukari. Vimeng'enya vinakata kifuniko hicho. Na kule kukatwa ndiko kunakofunua ncha iliyokuwa imefichwa, ncha ambayo inaingia sawasawa kwenye protini ya seli iitwayo NPC1. Kazi halali ya NPC1 ni kusafirisha kolesteroli. Imekaa ndani kabisa, kwenye ukuta wa kile kifuko, na kirusi kisingeweza kuishika kama seli yenyewe isingekikata. Mwenye nyumba ndiye anayemchongea mwizi ufunguo. Hili lilijulikana mwaka 2011. Wapo watu wachache wanaozaliwa na NPC1 isiyofanya kazi, nao huugua vibaya tangu utotoni. Wanasayansi walipochukua seli zao maabara na kuzitia Ebola, kirusi kilishindwa kuingia.

Ncha ikishashika, ganda la kirusi na ukuta wa kifuko vinaungana, na uzi wa ndani unamwagika kwenye seli. Kirusi huja na fundi wake wa kunakili, lakini karakana za protini, malighafi na nguvu zote ni za seli. Nakala zinatoka kwa maelfu, zinachomoza kwenye ukuta wa seli, kila moja ikijivika kipande cha ukuta huo kama vazi.

Mtoto akifika hapa huuliza: na askari wa mwili wako wapi? Ndipo penye ukatili wa ugonjwa huu. Seli za kwanza kushambuliwa ni askari wenyewe, zile seli nyeupe zinazozunguka mwilini kumeza wageni. Protini mbili za kirusi zinaziba sauti yao ya kengele, ile ambayo ingeziamsha seli za jirani zijikinge. Askari aliyeibiwa sauti anaendelea na doria yake kama desturi, anakwenda kwenye tezi, kwenye ini, kwenye wengu, akikibeba kirusi humo ndani. Kwa siku kadhaa mtu hajisikii lolote. Zinaweza kuwa siku 2, zinaweza kufika 21, na katika muda huo hamwambukizi mtu, kwa kuwa wingi wa virusi mwilini bado ni mdogo.

Kisha kengele inalia, kwa kuchelewa na kwa nguvu kupita kiasi. Mwili unamwaga ishara za vita kila mahali kwa wakati mmoja. Mishipa midogo inaanza kuvuja kama mtungi wenye nyufa. Maji yanatoka kwenye damu, yanaingia kwenye nyama. Tumbo linayatoa kwa kutapika na kuhara. Shinikizo la damu linaanguka, figo zinakosa cha kuchuja, ini limeharibika. Damu inayoonekana kwa macho huwatoka wachache kuliko tulivyotangaziwa. Wengi wanakufa kama alivyokufa yule mama mdogo: wamekauka, moyo unasukuma lakini hakuna cha kutosha cha kusukuma.

Na saa ile ya mwisho ndiyo saa ambayo virusi ni vingi kuliko wakati wowote, katika damu, katika matapishi, katika jasho la ngozi. Kifo hakivizimi mara moja. Wanawake wawili waliokaa kumwosha dada yao, kumpaka mafuta na kumvika kitenge chake kizuri, wanagusa mamilioni. Hiyo ndiyo sababu ya mfuko. Ilikuwa sababu nzuri, na ingeweza kusemwa mlangoni kwa dakika tano, kwa Kinande au kwa Kiswahili, kabla ya mtu yeyote kuvaa barakoa.

Hakuna neno hapo juu ambalo mama muuza sombe hawezi kulielewa. Tulichomwambia ni kwamba Ebola inatoa damu. Alipomwona mgonjwa asiyetoka damu akasema, huyu ana malaria, au taifodi, au amelogwa. Alikuwa akifikiri vizuri kwa maelezo mabovu tuliyompa. Akampeleka kwenye kizahanati cha mtaani, vile vinavyochanganya mitishamba na sindano, na kule Beni katika miezi ya mwanzo watoto wengi waliokwenda kutibiwa malaria kwenye vizahanati hivyo walitoka wamebeba Ebola.

Septemba ileile ya 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Zaidi ya robo, asilimia 25.5, walisema hawaamini kwamba Ebola ipo. Magazeti ya mbali yaliinukuu takwimu hiyo sana, nami niliisikia ikirudiwa kama ushahidi wa ujinga wetu. Utafiti uleule ulionyesha kwamba chini ya theluthi ya watu hao walikuwa na imani na viongozi wa hapa kwamba wangetenda kwa faida ya raia. Namba hizi mbili zinapaswa kusomwa pamoja.

Kwa maana tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa kwa panga mashambani na kwenye vijiji vya pembeni. Miaka minne. Walizika, wakaandamana, wakapiga simu usiku, na mara nyingi hakuna aliyefika. Kisha ukaja ugonjwa, na katika majuma machache barabara zikajaa magari meupe, hoteli zikajaa wageni, nyumba zikapanda kodi. Riposti, tuliiita kazi ile ya kupambana na Ebola, kwa lile neno la Kifaransa. Mtu aliyempoteza kaka kwa panga akauliza: mbona kwa hili mmekuja mbio? Mwaka 2019 surua iliua watoto zaidi ya 6,000 nchini Kongo, na hawakuletewa magari. Sioni ujinga katika swali hilo. Naona mtu anayehesabu.

Tarehe 26 Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura ya rais pamoja na nchi nzima. Zitapiga Machi, rais akiwa ameshaapishwa. Sababu zilizotolewa ni usalama na Ebola. Soko lilikuwa wazi, makanisa yalikuwa yamejaa kwa Krismasi. Kesho yake waandamanaji wa Beni wakavamia kituo kilichopokea watu walioshukiwa kuwa na ugonjwa, na wagonjwa wakakimbia. Kuanzia siku ile, kumshawishi mtu kwamba Ebola si mchezo wa wanasiasa ilikuwa kama kupanda mlima na gunia la viazi mgongoni.

Sitetei yaliyofuata. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa moto, na siku tatu baadaye kile cha Butembo kikashambuliwa. Tarehe 19 Aprili, Ijumaa Kuu, Daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi akiwa kazini katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, hapa mjini kwetu. Alikuja kutuponya. Mimi ni mtu wa Butembo na jambo hilo linaniuma hadi leo, nami sitaki litajwe kwa haraka kana kwamba ni ajali ya barabarani.

Wala riposti haikuwa safi. Machi 2020 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa afya miaka mitano kwa kufuja fedha za Ebola. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono katika kazi ile, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa shirika hilo. Wanawake waliomba kazi ya kufua, kupika na kusafisha, wakadaiwa miili yao. Mtu akisema imani ya watu ilikuwa ndogo, aanze na hesabu hiyo.

Lakini katika mji huohuo, katikati ya risasi na moto, lilifanyika jambo ambalo sayansi ya dunia ilikuwa imelishindwa tangu 1976, na ni watu wetu waliolifanya.

Mwanzo wake ni Kikwit, mwaka 1995. Mlipuko wa huko uliua watu wapatao 250. Mwishoni, Profesa Jean-Jacques Muyembe, yuleyule aliyekwenda Yambuku mwaka 1976 akiwa kijana, pamoja na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. Saba wakapona. Wengi nje ya nchi hawakukubali kwamba damu ndiyo iliyowaponya. Walisema wagonjwa ni wachache mno, na pengine walikuwa wameanza kupata nafuu. Muyembe hakuliacha wazo lake. Miaka 11 baada ya mlipuko, mmoja wa waliopona Kikwit alitoa damu yake, na humo, maabara ya Marekani ikishirikiana na taasisi ya Muyembe ya Kinshasa, ikapatikana kingamwili iliyokuwa bado inamkumbuka adui wake. Ikaitwa mAb114. Leo inauzwa kwa jina la Ebanga.

Inafanya kazi gani? Rudi kwenye ghala. Kingamwili ile inakaa juu ya ncha ileile inayoishika NPC1. Vimeng'enya vinaweza kukata wapendavyo, kingamwili imeng'ang'ania. Kirusi kimefika stoo, gunia limefunguliwa, lakini mkono wake umefunikwa na hauwezi kuushika mlango wa ndani. Kinabaki kwenye kifuko hadi seli inakisaga kama chakula kingine chochote. Kila ninapowafundisha wanafunzi sehemu hii huwa wanacheka kwa furaha, nami huwaacha wacheke.

Kuanzia Novemba 2018 wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliingizwa kwenye jaribio la dawa nne, kila mmoja akipangiwa yake kwa bahati nasibu: mAb114, mchanganyiko wa kingamwili tatu ulioitwa REGN-EB3, ZMapp, ambayo nayo ni kingamwili tatu na ndiyo iliyowekwa kuwa kipimo cha nyingine, na remdesivir, ambayo humpa fundi wa kunakili matofali ya bandia. Hebu tufikirie jambo hilo lilivyokuwa: sindano zinapangwa, fomu za ridhaa zinasomwa, joto la dawa linaandikwa kwenye daftari, na nje kuna milio ya bunduki. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa jibu lilikuwa wazi. Katika wagonjwa 681, waliopewa ZMapp nusu walikufa, na waliopewa remdesivir nusu na ushei. Waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35, na waliopewa REGN-EB3 asilimia 33.5. Na kati ya waliokuja mapema, virusi vikiwa bado vichache, dawa hizo mbili ziliponya takriban watu 9 katika kila 10.

Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa unaotibika. Nchi yoyote ingeweka sanamu.

Kuna namba nyingine ndogo katika jaribio lile, nayo haitajwi sana. Kwa kila siku moja aliyochelewa mgonjwa tangu dalili zianze hadi kuingia matibabu, uwezekano wake wa kufa uliongezeka kwa asilimia 11. Siku moja, asilimia 11. Siku ambayo mume anasema tungoje kidogo, pengine ni malaria. Siku ambayo familia inamficha shangazi kwa binamu huko Vuhovi kwa kuogopa magari. Ukimwelewesha mtu kirusi kinavyozidi mwilini usiku hadi usiku, umempa siku zile. Ndiyo maana nakasirika nikisikia kwamba maelezo ni ya wasomi na watu wa kawaida wanahitaji ujumbe mfupi.

Nilipata kuliona hilo kwa macho mapema 2019 huko Beni. Shirika la ALIMA lilikuwa limeleta vyumba vya plastiki angavu kwa ajili ya wagonjwa. Muuguzi anakaa nje, anaingiza mikono kwenye mikono ya glavu iliyoshonwa ukutani, anabadilisha dripu bila kuvaa lile vazi la njano. Mama mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kipaji cha uso kikigusa ukuta. Ndani, kijana wake wa miaka kumi na kitu alikuwa amelala ubavu. Mama alikuwa anamsimulia habari za mbuzi aliyezaa nyumbani, mmoja mweupe, mmoja wa mabaka, na kijana akauliza kwa sauti ndogo, "Wa mabaka ni jike?" Nilisimama pale nikiona yale ambayo vikao vyote vya uhamasishaji havikuweza kuyafanya. Mama anaona sindano, anaona chakula, anaona kwamba hakuna anayetoa viungo vya mtu. Plastiki angavu ilikuwa imemweleza kila kitu.

Jirani na kituo kulikuwa na chumba cha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wodini. Waliowabeba ni wanawake waliokwisha kupona, washindi kama tulivyowaita. Mtoto mwenye hatari ya kuugua wakati wowote haguswi na mtu mwingine ila kupitia glavu na miwani. Wao walimpakata kifuani, ngozi kwa ngozi. Kingamwili walikuwa nazo ndani ya mishipa. Sijui kama kuna picha bora ya kumfundishia mtoto maana ya kinga.

Chanjo nayo ilijengwa kwa ufundi unaofanana na huo. Ilichukuliwa kirusi cha mifugo kisichomdhuru binadamu, kikavuliwa protini yake ya nje, kikavishwa ile ya Ebola, ili askari wa mwili wajifunze sura ya adui bila adui kuwapo. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa katika mlipuko wetu. Ilibidi ikae kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri na zaidi, katika miji inayoishi kwa jenereta, na vijana wetu waliibeba kwa pikipiki hadi vijiji visivyofikika kwa gari. Ni kinga ya Ebola ya aina hii tu. Jirani zetu wa Uganda walipopata ile ya Sudan huko Mubende, Septemba 2022, chanjo hiyo haikuwafaa, kwa sababu sura ya protini ni nyingine.

Huwa nawaambia wanafunzi wakubwa kuhusu ugonjwa wa kuru, kwa sababu inawatoa kwenye fikra kwamba sisi tu ndio tunaougua kupitia maombolezo. Katika milima ya Papua New Guinea, Wafore walikuwa wanakula sehemu za miili ya wafu wao, kwa upendo, ili mpendwa asiachiwe udongo peke yake. Wanawake na watoto wakaanza kutetemeka, kuyumba, kufa. Si kirusi kile. Ni prioni, protini isiyo na jeni hata moja. Ni protini ya kawaida ya ubongo iliyokunjika vibaya, na ikigusana na nzuri, nayo hukunjika vivyo hivyo, mpaka ubongo unakuwa kama sponji. Askari wa mwili hawaioni kuwa ni adui, kwa kuwa ni protini yetu wenyewe. Kuchemsha hakuiondoi, dawa haipo mpaka leo. Iliondoka kwa njia moja tu: Wafore waliacha desturi ile katikati ya karne iliyopita, na ingawa wengine waliugua miongo mingi baadaye kwa mbegu waliyoipokea utotoni, kizazi kilichozaliwa baada ya hapo kilisalimika. Walikuwa wameiacha desturi yao ya kale, nao walibaki Wafore.

Sisi tuna bahati kuliko wao, kwa kuwa dawa ipo. Ila kirusi chetu nacho kinajua kungoja. Mtu aliyepona damu yake ni safi, anaweza kula nasi na kulala nasi nyumba moja. Lakini kuna vyumba mwilini ambamo askari hawaingii kwa kawaida, jicho, ubongo, korodani, na humo kirusi huweza kujificha kwa miezi, pengine miaka. Februari 2021 mama mmoja wa eneo la Biena aliugua akafa, na mumewe alikuwa mshindi wa mlipuko ule wa 2018 hadi 2020. Wakaugua 12, wakafa 6. Oktoba mwaka huohuo Beni tena. Agosti 2022 Beni tena, mtu mmoja. Nimesikia washindi wakifukuzwa nyumba za kupanga baada ya matangazo hayo, kana kwamba kusalimia ni hatari. Wanachohitaji ni kupimwa manii kwa utaratibu, kondomu bila aibu, na daktari anayewajua kwa majina. Kumfukuza mshindi ni kumfundisha mgonjwa wa kesho ajifiche.

Mwishoni mwa 2022 nilikwenda Kayna kumzika baba mkubwa, aliyekufa kwa uzee wake. Siku ya tatu nikashuka sokoni, na dada mmoja wa ukoo wetu, muuza viazi, akaniuliza ikiwa ni kweli Ebola sasa ina dawa. Nikakaa kwenye gunia lake tupu, nikamweleza yote, ghala, mbebaji, ufunguo, mkono uliofunikwa. Chukudu, zile skuta zetu za mbao, zilikuwa zinapita zimejaa makabichi. Alisikiliza bila kunikatiza hata aliposimama kumpimia mteja. Nikamwambia na habari ya Kikwit, kwamba dawa ile imetoka kwenye damu ya Mkongomani. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Kumbe ni yetu."

Kisha akauliza inakaa wapi.

Nikamwambia sehemu kubwa ya akiba iko Marekani, kwenye maghala ya serikali, na ikihitajika huombwa. Nikamwambia pia kuhusu siku zile, asilimia 11 kila moja. Hakusema kitu. Alikuwa anashona mdomo wa gunia kwa sindano ndefu, akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Na ikiombwa," akasema, "hadi Kayna ni siku ngapi?"